Paka wa Jirani, Mchanga wa Mwenye Nyumba

Wasomaji wangu wamezoea kunikuta nikijadili Katiba, bajeti ya Serikali na hali ya vyuo vyetu vikuu. Leo naomba tujadili kinyesi cha paka. Sifanyi mzaha. Katika siasa za nchi hii neno "kero" tumelikabidhi kwa mambo makubwa: kero za Muungano, kero za wakulima, kero za wafanyabiashara wa Kariakoo. Tumesahau kwamba mwananchi wa kawaida hukutana na kero yake ya kwanza saa kumi na moja alfajiri, anapofungua mlango na kukanyaga kitu ambacho hakukiweka yeye. Namna anavyoitatua kero hiyo, na mtu anayemwendea kwanza, hutueleza mengi kuhusu uraia wetu kuliko hotuba nyingi.

Nachukua mfano wa eneo la Feri na mitaa inayolizunguka, kuanzia Kivukoni na Kisutu hadi Mchafukoge, Gerezani na Kariakoo. Hoja yangu ni moja. Ugomvi wa paka kati ya majirani wawili mara nyingi una mtu wa tatu asiyetajwa, naye ndiye mwenye sehemu kubwa ya lawama. Tusipomtafuta mtu huyo, tutaendelea kugombana sisi kwa sisi, na mwishowe mmoja wetu atatia sumu kwenye kichwa cha samaki.

Kwa nini paka wako hapa

Paka hakuja Feri kwa bahati mbaya. Soko la samaki la Feri, lililojengwa upya kwa msaada wa Serikali ya Japani mwanzoni mwa miaka ya 2000, hupokea samaki kutoka kwenye mashua tangu usiku haujakwisha. Kuna mnada, kuna wanaoparua magamba, kuna wakaangaji, kuna mama lishe na baba lishe. Kila hatua huacha kitu nyuma: matumbo, mashavu, vichwa, maji ya damu. Sehemu ya mabaki hayo hubaki sokoni. Nyingine hupanda daladala na bajaji pamoja na wachuuzi, ikaishia kwenye nyua za Kariakoo na Gerezani. Mahali penye chakula pana panya, na mahali penye panya na samaki kwa pamoja paka hahitaji kualikwa.

Isitoshe, tunamhitaji. Mfanyabiashara mwenye stoo ya nafaka au ya nguo anajua panya mmoja anaweza kumtia hasara kiasi gani. Wazee wa Pwani husema paka wa nyumba haingwa. Ndiyo maana paka wengi wa mitaa hii hawana mwenyewe kwa maana ya mtu aliyewanunua, wala si wa mwituni. Wanalishwa na mmoja, wanawinda kwa mwingine, wanalala kwa wa tatu na wanajisaidia kwa wa nne. Faida yao tunaigawana wote, lakini gharama anaibeba yule wa nne peke yake. Hapo ndipo ugomvi unapozaliwa.

Madhara si ya kufikirika

Wapo wanaosema kinyesi cha paka ni jambo la kuzoa na kusahau. Mara nyingi wasemaji hawa si wazoaji. Katika nyua zetu anayezoa ni mwanamke, au mtoto wa kike kabla hajakwenda shule, au dada wa kazi. Ukitaka kujua kero ni ndogo au kubwa, muulize anayeshika ufagio.

Kuna suala la afya pia. Paka ndiye mnyama ambamo vimelea viitwavyo Toxoplasma gondii hukamilisha mzunguko wao wa kuzaliana, na mayai yake hutoka na kinyesi. Mtu mwenye afya njema kwa kawaida hapati dalili kubwa. Lakini mwanamke anayeambukizwa kwa mara ya kwanza akiwa mjamzito anaweza kumwambukiza mtoto aliye tumboni, na madhara yake yanaweza kufika kwenye macho na ubongo wa mtoto huyo. Mtu mwenye kinga dhaifu naye yuko hatarini. Haki inanitaka niongeze mambo mawili. Kwanza, vimelea hivi huwapata watu pia kwa nyama isiyoiva na mboga zisizooshwa. Paka asibebeshwe zigo lote. Pili, mayai hayo hayaambukizi papo hapo: huhitaji siku 1 hadi 5 nje ya mwili wa paka kabla ya kuwa hatari. Maana yake ni kwamba kinyesi kikiondolewa kila siku, hatari hupungua sana, na kikiachwa kwenye mchanga, mayai yanaweza kudumu humo kwa miezi mingi.

Liko pia jambo ambalo maofisa wetu wa afya hawaliandiki kwenye taarifa zao, nalo lina uzito Kariakoo na Kisutu. Waislamu wa mitaa hii, wengi wao wafuasi wa madhehebu ya Shafi, hawamhesabu paka kuwa najisi. Mapokeo ya Mtume yanamtaja kuwa miongoni mwa viumbe wanaotuzunguka majumbani. Kinyesi na mkojo wake, hata hivyo, ni najisi. Mzee anayeelekea swala ya alfajiri na kulikuta barazani hachukizwi na harufu tu. Anarudishwa ndani kubadili nguo na kuosha palipochafuka. Mapokeo hayohayo yanamtaja mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka bila kumlisha wala kumwacha ajitafutie. Kwa hiyo mzee huyo anabanwa kotekote: usafi anaudai, na ukatili hauruhusiwi.

Sheria inasema nini

Wanafunzi wangu huuliza: je, ninaweza kumshtaki jirani kwa ajili ya paka wake? Jibu la kisheria lina historia. Mwaka 1926, katika kesi ya Buckle na Holmes, Mahakama ya Rufani ya Uingereza iliamua kwamba mwenye paka hawajibiki paka wake anapoingia kwa jirani na kuua njiwa na kuku, kwa kuwa anafuata silika yake tu. Sheria ya Kiingereza ilimwona paka tofauti na ng'ombe: ng'ombe akivuka mpaka, mwenyewe hulipa, paka akivuka, ndivyo paka walivyo. Sisi tulirithi sheria hiyo ya Kiingereza kama ilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920. Hukumu ya 1926 haizifungi mahakama zetu, ingawa zinaweza kuizingatia. Anayedhani atapata fidia kirahisi kwa sababu ya paka aliyezurura ajiandae kwa safari ndefu.

Lakini sheria zetu wenyewe zinatupa njia nyingine iliyo bora zaidi, kwa sababu hazianzi kwa kuuliza "paka ni wa nani?" Zinauliza "uchafu uko wapi, na nani ana mamlaka ya kuuondoa?" Sheria ya Afya ya Jamii, Na. 1 ya mwaka 2009, inashughulikia kero zinazohatarisha afya na inampa ofisa wa afya uwezo wa kumtaka mhusika aiondoe. Wakati huohuo, Sheria ya Ustawi wa Wanyama, Na. 19 ya mwaka 2008, inakataza kumtendea mnyama ukatili. Ukizisoma pamoja, utaona mipaka ya mchezo: una haki ya ua safi, huna haki ya kumtesa paka ili kuupata.

Njia ya mkato inayouzwa kwa kipaza sauti

Kila mkazi wa Kariakoo anaifahamu sauti inayopita mtaani ikitangaza dawa ya panya, mende na kunguni. Pakiti ni ya bei nafuu, na mara nyingi mnunuzi haelezwi kwa uhakika kilichomo ndani yake. Mtu aliyechoka hununua, akaipaka kwenye kipande cha samaki na kukiacha uani usiku. Asubuhi paka amekufa, na mwenye kutega anajiona amemaliza kazi.

Hajamaliza. Katika nyumba ya Kiswahili yenye vyumba sita na ua mmoja, mtoto anayetambaa hufika kwenye kipande cha samaki kabla ya mtu mzima. Kunguru hukibeba na kukidondosha kwenye ndoo ya maji ya jirani. Paka mwenyewe hafi pale alipotegewa. Hupanda darini kufia huko, na harufu yake hukaa wiki nzima. Kisha panya hufurahi. Na kwa kuwa chakula kilichomvutia paka wa kwanza bado kipo, paka wa pili huja kuichukua nafasi iliyo wazi. Sumu humwondoa paka lakini haiondoi sababu.

Jiji letu lina kumbukumbu ya kosa la namna hiyo. Kunguru weusi wa Kihindi waliletwa Zanzibar katika miaka ya 1890, kwa nia ya kuwatumia kula taka za mji. Taka hazikwisha, kunguru wakaongezeka. Walivuka bahari na kuenea Pwani nzima, wakawamaliza ndege wadogo wa asili, na baadaye Serikali ikalazimika kuendesha kampeni za kuwaangamiza kwa sumu. Utawala uliokwepa kazi ya kuzoa taka ukamkabidhi ndege kazi hiyo, na vizazi vilivyofuata vikalipa. Anayetaka kuutatua uchafu kwa kuleta mnyama, na anayetaka kuutatua kwa kumuua mnyama, wanafanana: wote wanaukwepa uchafu wenyewe.

Ua mmoja, watu watatu

Niliwahi kuombwa na jamaa zangu nisaidie kusuluhisha mzozo wa aina hii katika nyumba moja ya wapangaji, upande wa Gerezani. Mama mtu mzima anayekaanga samaki alikuwa akirudi jioni na vichwa vilivyobaki, akiwalisha paka wanne. Mpangaji mwenzake, mama kijana mwenye mtoto wa miezi tisa, alikuwa akikuta kinyesi kila asubuhi karibu na mkeka wa mtoto. Walikuwa hawasalimiani tena. Mume wa mama kijana alikwisha kununua sumu.

Nilipoizunguka nyumba niliona kitu ambacho wote wawili walikwisha kukizoea mpaka wakaacha kukiona. Kwenye kona ya ua kulikuwa na lundo la mchanga wa ujenzi, mlaini na mkavu, limekaa pale zaidi ya mwaka. Mwenye nyumba, anayeishi nje ya mji, aliuleta akikusudia kupandisha ghorofa, kisha ujenzi ukasimama. Paka akitaka kujisaidia hutafuta udongo mlaini anaoweza kuuchimba na kuufukia. Kwa paka wa Gerezani, ambako ardhi yote ni saruji na lami, lundo lile lilikuwa choo cha fahari. Mkeka wa mtoto ulikuwa hatua tatu kutoka hapo.

Wanawake wawili wenye vipato vidogo walikuwa wamefika ukingoni mwa uadui wakigombea mnyama, na aliyejenga choo cha mnyama huyo alikuwa akipokea kodi zao wote wawili. Hakuna aliyemtaja. Mwenye nyumba hatajwi kwa sababu ana uwezo wa kukufukuza; jirani anatajwa kwa sababu hana. Tabia hii ninaiona katika ngazi zote za maisha yetu ya umma, na ndiyo iliyonisukuma kuandika makala haya.

Yule mama mtu mzima alikubali kuwalisha paka mlangoni kwake na kuondoa mabaki kabla ya kulala. Mama kijana alimpa beseni bovu, likajazwa mchanga na kuwekwa nyuma ya jiko, na bibi akachukua jukumu la kulisafisha kila asubuhi. Mwenye nyumba alipigiwa simu na wapangaji wote kwa pamoja, si mmoja mmoja, akatuma turubai la kufunika lundo. Mchanga wenyewe, nilivyosikia mara ya mwisho, bado uko pale. Paka mmoja bado ni mkaidi. Lakini sumu ilitupwa, na salamu zimerudi.

Hatua zinazofaa

Kwa anayesumbuliwa leo, nashauri yafuatayo. Funika mchanga, vifusi na mashimo ya maua kwa turubai, wavu au kokoto nene. Paka hapendi kuchimba kokoto. Ondoa kinyesi kila siku kwa glavu au mfuko, kisha nawa mikono kwa sabuni. Mjamzito asiifanye kazi hiyo ikiwa yupo mwingine wa kuifanya. Osha mahali hapo kwa maji mengi na sabuni, kisha siki, kwa kuwa harufu inayobaki humwita paka arudi palepale. Epuka dawa zenye amonia, maana harufu yake inakaribiana na ya mkojo. Funika pipa la taka. Ziba mwanya wa uzio anaopitia. Ukimwona, mwagia maji sakafuni karibu naye. Hilo linatosha kumfanya aondoke bila kumuumiza.

Kwa anayefuga au anayelisha: kulisha ni kukubali wajibu. Weka chombo cha mchanga kwako, kabla jirani hajageuzwa kuwa choo. Mpeleke paka kwa daktari wa mifugo ahasiwe na achanjwe dhidi ya kichaa cha mbwa. Paka jike hubeba mimba kwa takriban miezi miwili na huzaa watoto kadhaa kwa mkupuo. Asiyehasi paka wawili mwaka huu asishangae mwaka ujao akiulizwa kuhusu kumi.

Kwa wote: anzeni kwa kuzungumza, na mzungumze kwa adabu. "Shikamoo bibi, naomba tuzungumze kidogo kuhusu ua wetu" hufungua mlango. "Paka wako ananichafulia" huufunga. Ikishindikana, waiteni wapangaji wote na mwenye nyumba. Ikishindikana tena, yupo mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa na mtendaji wake, yupo ofisa afya wa kata, na lipo Baraza la Kata, lililoundwa na Sheria Na. 7 ya mwaka 1985 hasa kwa ajili ya kutafuta amani kwa usuluhishi. Ngazi hizi zipo. Tunazipita kwa sababu tumezoea kuamini kwamba kati ya kunyamaza na kulipiza kisasi hakuna kitu.

Kwa maofisa na wanaharakati

Najua nitaambiwa kwamba nchi ina matatizo makubwa zaidi: ajira, mikopo ya wanafunzi, bei ya vyakula. Ni kweli. Lakini wanaotoa hoja hiyo wafikirie jambo hili. Halmashauri ya Jiji isiyoweza kumwagiza mwenye nyumba kufunika lundo la mchanga itamwagizaje mwenye ghorofa kufuata kanuni za ujenzi? Mwananchi asiyethubutu kumtaja mwenye nyumba wake kwenye kikao cha mtaa atathubutuje kumtaja mbunge wake? Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta huo huanza kupasuka chini.

Kwa hiyo ninaiomba Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam mambo matatu. Kwanza, malundo ya vifaa vya ujenzi yanayoachwa wazi kwenye nyua na kando ya barabara yahesabiwe kuwa kero ya afya, na maofisa afya wayaandikie amri kwa jina la mwenye jengo, si la mpangaji. Pili, mabaki ya samaki ya Feri yakusanywe kama mali, kwa kuwa yanaweza kuwa chakula cha kuku na mbolea, badala ya kuachwa yatafute njia yake hadi uani kwetu. Tatu, madaktari wa mifugo wa Jiji wapange siku za kuhasi na kuchanja paka katika kata za katikati ya mji kwa gharama ambayo mkaanga samaki anaweza kuimudu. Wanafunzi wa tiba ya mifugo wanahitaji mazoezi. Paka wa Feri hawana uhaba.

Wanaharakati nao wasione haya kusimama upande wa mambo yanayonuka. Tumejenga utamaduni wa kudai haki kwa lugha ya mikataba ya kimataifa, na ni vyema. Lakini katika kata inayoitwa Mchafukoge, ambayo jina lake lenyewe ni amri ya usafi, haki ya mazingira safi hudaiwa kwanza kwenye ua wa vyumba sita, na mdaiwa wake ana jina na namba ya simu. Wapangaji wakimpigia wote kwa siku moja, atapokea.

Naomba kutoa hoja.